Naomba ushauri: ramani yenye stoo au yenye jiko kubwa la wazi?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana fundi anataka kuanza kuchimba msingi na mimi na mama watoto bado hatujaelewana ramani. Kiwanja kipo Kibaha, nyumba ni vyumba vitatu, kimoja masta.

Ramani ya kwanza jiko ni mita 3 kwa 3, lina stoo ya mita 1.5 kwa 2 na mlango wa kutokea uani. Ya pili jiko limeungana na dining, kubwa na linavutia kweli, ila stoo hakuna, mchoraji anasema makabati ya ukutani yanatosha. Sasa sisi mchele na mahindi tunanunua kwa gunia kipindi cha mavuno, bado madumu ya maji, mkaa, masufuria ya shughuli, kabati gani litabeba hayo? Halafu maharage tunachemshia mkaa, moshi si utaishia sebuleni. Nimemwambia aongeze stoo humo, anasema lazima apunguze chumba cha watoto, hapo mimi sikubali.

Mliojenga tayari, stoo ya 1.5 kwa 2 inatosha ukipiga shelfu mpaka juu? Na wenye stoo ya nje uani, panya na unyevu mnavidhibiti vipi?