Mrejesho: mzigo mwepesi kwa mawindo ya elki, Colorado

Ndugu zangu, niliwauliza nipunguze nini kwenye begi la mgongoni kabla ya kwenda kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, katika nyika ya Weminuche huko Colorado, ambako magari na hata baiskeli haviruhusiwi. Nawashukuru kwa dhati.

Ushauri ulionifaa kuliko yote ni ule wa maji: kwa kuwa lita moja ina uzito wa kilo moja, nilibeba chujio dogo na chupa moja tu, nikawa nachota kwenye vijito njiani. Badala ya hema nilitumia turubai jepesi. Kwenye chakula niliongeza karanga, kwani gramu ya mafuta hutoa kalori 9 ilhali ya wanga hutoa 4.

Yapo ambayo sikuyapunguza, na namsihi anayejiandaa naye asiyaache nyumbani: sweta la sufu, kwa sababu pamba ikilowa kwenye baridi ya mita 3,000 haikauki upesi, kizibao na kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa, ambavyo sheria ya jimbo inavitaka msimu wa bunduki, na mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa ili nyama ipoe isiharibike. Elki aliyekomaa anaweza kutoa zaidi ya kilo 70 za nyama isiyo na mifupa, na sheria hairuhusu kuitelekeza porini, hivyo tuliibeba mgongoni kwa awamu hadi barabarani. Ndiyo maana sikuacha begi lenye fremu imara, ingawa lenyewe ni zito.