Naomba ushauri: neno *nebo la Kislavoni, hiyo -es- inachomoza wapi?

Mgeni_wa_Isimu
Wakuu, salaam. Nimekwama wiki nzima kwenye neno moja: *nebo, "mbingu", katika lugha mama ya Kislavoni, iliyozaa Kirusi na wenzake, ile isiyoandikwa popote ambayo wataalamu wameiunda upya (ndiyo maana ya kinyota). Nominativu (umbo la mtenda) ni *nebo. Nikifika genitivu (umbo la umiliki, "ya mbingu") nakuta *nebese, dativu (umbo la mpokeaji, "kwa mbingu") *nebesi, wingi *nebesa. Mwalimu kasema tukariri jedwali zima. Nimekariri mara tatu. Nikilala nikiamka limeyeyuka. Niendelee hivyo hivyo au kuna njia ya kulielewa?

Shangazi_Lugha
Usikariri, mwanangu. Ligeuze swali lako: -es- haikuongezwa kokote, ila s imepotea mahali pamoja tu.

Neno lilianza *nébʰos katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa Kislavoni, Kigiriki na Kisanskriti, na s ni sehemu ya shina. Mpaka leo unaiona kwenye Kigiriki néphos, "wingu", na Kisanskriti nábhas. Kwa Waslavi ukafika wakati silabi ikawa lazima iishie kwa irabu, kama zetu. Sisi tukipokea neno lenye konsonanti mwishoni tunalitilia irabu: kitab ikawa kitabu. Wao waliikata konsonanti, *nebos ikabaki *nebo. Sasa tamka genitivu polepole: ne-be-se. Hapo s ina irabu nyuma yake, kwa hiyo ilisalimika.

Mdadisi_wa_Pemba
Mimi kinachonigusa ni maana. Kilatini nebula na Kijerumani Nebel ni "ukungu", Kigiriki ni "wingu", Waslavi wakapanda hadi "mbingu". Na sisi je? Wingu na mbingu ni mzizi mmoja! Mbingu ni wingi wa uwingu. W imegeuka b baada ya m, kama l inavyogeuka d kwenye ulimi, ndimi. Siku nilipoligundua hili nilikaa nalo jioni nzima. Hata kwenye sala ya Baba Yetu, Kislavoni cha kanisa kinasema "na nebesekh", kwa wingi, pale tunaposema "mbinguni".

Kaka_Viishio
Yote kweli, lakini mtihani upo. Dogo, shika shina nebes-, basi. Viishio vya umoja ni vile vile vya mashina mengine ya konsonanti: *mati, "mama", ina *matere na *materi.

Ila usijipime kwa Kirusi cha leo, kitakuchanganya. Genitivu imerahisishwa ikawa neba, ingawa wingi bado ni nebesa. Kwenye gurudumu ndiyo kabisa: zamani *kolo, *kolese, Kirusi kikaisukuma -es- mpaka kwenye nominativu, koleso. Kislovenia ndicho kimetunza kolo, kolesa.

Mgeni_wa_Isimu
Shangazi, asante sana, kaka zangu pia. Nimefunga daftari nikajaribu *slovo, "neno": *slovese, *slovesi, wingi *slovesa. Nimepatia?

Shangazi_Lugha
Umepatia. Na ndugu yake wa Kigiriki ni kléos, "sifa".

Kaka_Viishio
Safi. Bado dativu ya wingi: *slovesьmъ. Hizo ь na ъ ni irabu fupi sana, usiziruke ukiandika.