Kupiga simu kwanza kabla ya kwenda imajensi, inasaidia kweli au mgonjwa anazungushwa tu?

Wakuu tujadili hili. Nchi nyingi siku hizi zinataka upige simu kwanza, unaulizwa maswali alafu unaambiwa baki nyumbani, ongea na dokta kwa video, au nenda hospitali sasa hivi, eti wenye vitu vidogo wasijaze imajensi. Mi naona analaumiwa asiyehusika. Mwenye maumivu ya kifua atajuaje kama ni gesi au moyo? Kuna utafiti wa Marekani wa 2013, kati ya waliofika imajensi, waliokutwa na ugonjwa ambao kliniki ya kawaida ingeumaliza walikuwa kama 6% tu, na malalamiko waliyokuja nayo ndo yaleyale ya karibu 89% ya wagonjwa wote. Yani kwamba haikuwa dharura unajua ukishapimwa. Na foleni nyingi chanzo ni wodi kujaa, mtu kashaandikiwa kulazwa kitanda hakuna, yuko kwenye machela koridoni.

Jibu: Hapo kwenye vitanda sikupingi mkuu, ila simu usiitupe. Mzazi ana mtoto anachemka saa nane usiku, nesi anamuuliza ana miezi mingapi, ananyonya, anakojoa, ukimwamsha anaamka, ana vipele ukivibonyeza kwa glasi havipotei? Akiwa chini ya miezi 3 na joto limefika 38 ni hospitali hapohapo hakuna mjadala, mwingine anapewa maji na dawa ya homa analala kwake.

Jibu: Inategemea nani kapokea. Uingereza walikuwa na laini ya manesi toka 1998, NHS Direct, wakaja kuweka namba 111 ambayo anayepokea kwanza sio nesi, anafuata maswali ya kompyuta. Tathmini ya 2013 ya majaribio yake ikakuta imajensi haijapungua na ambulensi ndo zimeongezeka. Kompyuta ni mwoga, na kwa usalama lazima iwe hivyo.

Mwenye mada: Sawa, nesi mzoefu apokee, nakubali. Sitaki tu iwe sharti. Copenhagen, Denmark, toka 2014 kama sio ya kufa na kupona unatakiwa upige namba 1813 kwanza upangiwe muda. Sasa mzee asiyesikia vizuri, au mgeni asiyejua lugha, kafika mlangoni hajapiga, mnamrudisha?