MJADALA: Dola ya supamaketi ya Marekani inamfikia mkulima wa Muleba, au inaishia njiani?

MhayaUghaibuni

Wakuu, salamu. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Huku Marekani kuna maduka ya Whole Foods. Vipindi fulani vya mwaka, ukifika kaunta ya kulipia unaulizwa kama ungependa kuongeza kiasi kidogo kisaidie mikopo midogo ya wanawake wa nchi maskini. Mfuko unaopokea fedha hizo unaitwa Whole Planet Foundation, ulianzishwa 2005. Wenyewe haumkopeshi mtu. Unazipa fedha taasisi za mikopo midogo katika nchi ambako duka linapata bidhaa zake. Ukirudi nyuma hatua kumi, kwenye rafu ya kahawa, kuna pakiti zenye nembo ya biashara ya haki (Fairtrade), ghali kidogo kuliko za pembeni yake. Kwa hiyo mzungu wa watu anaingia kununua maziwa, anatoka amemsaidia mkulima mara mbili.

Swali langu: amemsaidia kweli?

Msimamo wangu ni huu. Nembo inashughulika na bei, mfuko unashughulika na mkopo, lakini kwa mkulima wa kahawa wa Kagera bei na mkopo ni kitu kimoja, na jina lake ni butura. Kwa wasioijua: Januari mtoto anatakiwa sare na michango ya shule, mgonjwa yuko wodini, na kahawa ingali maua au punje za kijani. Anakuja mtu na fedha taslimu, anakupa leo, mavuno yakifika kahawa ni yake. Bei mliyopatana haifanani hata kidogo na ya mnada. Serikali imeipiga marufuku butura tangu zamani, wakuu wa mkoa wamepita na kupita, na bado ipo, kwa sababu ile shida ya Januari haijapigwa marufuku.

Sasa hata bei ikipanda kwenye soko la dunia la New York, aliyekwisha kuuza maua inamhusu nini?

Kanuni za Fairtrade International zina kipengele ambacho wanunuzi wengi wa rejareja hawakijui: chama cha wakulima kikiomba, mnunuzi anatakiwa kukipatia, au kukitafutia kwa mkopeshaji, fedha za mapema hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Kwangu mimi hicho ndicho chenye maana kwenye ile nembo. Hayo mengine ni mapambo. Karibuni.

SentiTano

Mkuu, tuanze na hesabu. Nyongeza ya Fairtrade, yaani fedha inayolipwa juu ya bei, kwenye kahawa ni senti 20 za dola kwa ratili ya kahawa safi, yaani kabla haijakaangwa. Pakiti ya kawaida huko kwenu ni gramu 340. Kahawa ikikaangwa inapungua uzito, kwa hiyo pakiti hiyo imetokana na kama gramu 400 za kahawa safi. Piga hesabu, ni senti 18 hivi. Na hizo haziingii mfukoni mwa mkulima, zinakwenda kwenye chama, mkutano unaamua. Ukilipa dola mbili zaidi kwa ajili ya nembo, nyingine zote zimebaki kwa wakaangaji na duka.

Pili, vibarua. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, chuo kikuu cha London, wakiongozwa na Christopher Cramer, walitoa ripoti ya utafiti waliofanya Ethiopia na Uganda kwenye kahawa, chai na maua. Walikuta wafanyakazi wa kulipwa katika maeneo yenye Fairtrade mara nyingi wanalipwa chini ya wenzao wa maeneo yasiyo nayo. Fairtrade waliipinga ripoti, walisema ulinganisho si wa haki. Sawa, wabishane. Lakini yule anayechuma kahawa ya mwenye shamba hana kura kwenye chama, na mteja wako wa maziwa hajui kama yupo.

Tatu, mikopo midogo. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Hawakukuta muujiza. Watu walipata uhuru kidogo wa kupanga mambo yao, baadhi wakakuza biashara, lakini kipato cha kaya ya kawaida hakikupaa. Na jimbo la Andhra Pradesh, India, 2010 tusilisahau: taasisi zilikopesha mpaka watu wakakopa hapa kulipa pale, ikafika watu kujiua, serikali ya jimbo ikaingilia kati na sheria kali.

Nshomile_Mtani

Hoja nzito zote hizi zimeandikwa na watu wanaokunywa chai. Mimi niko stendi ya Bukoba natafuna kahawa yangu ya kuchemsha, wala haina nembo. Endeleeni.

DebeLaMaganda

Nimekuwa kwenye uongozi wa chama cha msingi, naomba nieleze fedha inavyotembea, maana naona watu mnaongea kama vile kuna bomba kutoka Marekani hadi kwenye kibanja.

Mkulima analeta kahawa ya maganda, iliyokaushwa bila kukobolewa, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Inapimwa unyevu, inapimwa uzito, anaandikiwa stakabadhi. Miaka ile ya ununuzi kupitia chama kikuu alipokea malipo ya awali, halafu kahawa ikishauzwa na madeni kukatwa, ndipo yanakuja malipo ya pili, kama yapo. Katikati hapo ndipo watu walipokata tamaa na ushirika. Mtu amekupa mali yake Juni, Oktoba anakuuliza, unamwambia subiri. Mwenye butura hasemi subiri.

Kuhusu nyongeza, si kwamba inaliwa yote. KCU, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, ni miongoni mwa vyama vilivyoingia Fairtrade mapema Afrika, na sehemu ya nyongeza ilinunua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga. Hilo nalisifu bila aibu, kwa sababu ukiwa na kiwanda unauza kahawa ya kopo badala ya magunia. Wengine wamejenga madarasa. Madarasa ni mazuri, lakini ni kazi ya serikali, na mimi ningeulizwa ningesema leteni mtaji wa kununulia kahawa.

Kuna jambo SentiTano hajaligusa. Cheti unaweza kuwa nacho kwa kahawa yote, lakini unauza kwa masharti ya Fairtrade kiasi kile tu ambacho mnunuzi amekitaka. Inayobaki inakwenda soko la kawaida kama ya jirani. Ada ya ukaguzi umeilipa ileile.

Na manufaa ya bei ya chini ya Fairtrade, ile ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake, yanategemea mwaka. Mwaka 2001 arabika ilianguka chini ya senti 50 kwa ratili pale New York, wakati bei ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.26 pamoja na nyongeza. Aliyeuza kwa nembo mwaka ule hakung'oa mibuni. Agosti 2023 bei ya chini iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa na 1.20 kwa robusta ya kukaushia juani. Lakini Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 sokoni. Kwa bei hiyo nani anakumbuka 1.80? Mwaka wa bei kubwa shida inageuka: chama kimesaini mkataba, wanachama wanauza pembeni au kahawa inavuka usiku kwenda Uganda, na chama kinabaki na deni la kahawa kisichokuwa nayo.

MamaWaKaragwe

Kaka zangu, mmesema mkulima, mkulima. Mkulima yupi?

Kwetu kahawa ni ya baba. Mimi napalilia, nachuma, naanika, mvua ikitisha naanua, lakini stakabadhi ina jina lake. Nyongeza ya chama ikija inakwenda kwa wanachama, na mwanachama ni yeye. Sasa ile dola ya kaunta aliyoisema MhayaUghaibuni angalau inamtafuta mwanamke. Hilo msilipite juujuu.

Lakini tazameni huo mkopo wenyewe ukifika. Marejesho ni kila wiki au kila mwezi, na yanaanza mara moja. Kahawa inalipa msimu kwa msimu. Kwa hiyo huwezi kukopa kwa ajili ya kahawa, utakopa kwa ajili ya genge, samaki, mitumba, kitu kinachozunguka haraka. Nimeona mama amekopa akasema ni wa biashara, fedha ikalipa hospitali, marejesho ya Jumatatu akayatafuta kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, na kausha damu akaja kuchukua godoro. Kule Marekani kwenye takwimu huyo ni mwanamke aliyewezeshwa, na amerejesha kwa wakati.

Kwetu kinachotusaidia ni kikundi chetu cha VICOBA. Tunanunua hisa, tunakopeshana, mwisho wa mzunguko tunagawana. Riba tunayolipa inaturudia wenyewe. Upungufu wake ni kwamba Januari sote tuna shida siku moja, na sanduku halitutoshi wote. Mtu akitaka kuongeza dola, aiweke kwenye sanduku kabla ya Januari.

ChaiKericho

Habari zenu majirani. Huku kwetu kwenye majani chai tofauti ni kwamba mkulima wa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai Kenya, analipwa kitu kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Viwanda kadhaa vina cheti cha Fairtrade. Na mkopo upo ndani ya mfumo: Greenland Fedha ni kampuni tanzu ya KTDA, inakukopesha ikitazama majani unayopeleka, na inakata hukohuko kabla hujaguswa na pesa.

Nasikia mtu anasema hiyo ndiyo dawa ya butura. Ngoja kwanza. Faida yake ni kwamba mkopeshaji anajua mavuno yako, hahitaji godoro. Ubaya wake ni kwamba aliyenunua majani, aliyekukopesha na anayekata ni watu wa nyumba moja. Bonasi ikija ndogo, kuna watu wanapokea karatasi yenye makato kutoka juu hadi chini, na salio la kununua sukari. Huwezi kwenda kwingine kulalamika.

MhayaUghaibuni

Nashukuru. Dada wa Karagwe umenifungua macho kuhusu marejesho ya kila wiki. Nilikuwa nikiitazama ile dola kama ndogo tu, kumbe pia haiendani na zao lenyewe.

SentiTano, senti 18 nazikubali. Lakini wewe umepima nembo kwa nyongeza peke yake. Chukua mkataba wa chama wenye thamani ya dola 100,000. Nyongeza yake ni sehemu ndogo. Fedha ya mapema ya asilimia 60 ni dola 60,000, nayo inaweza kuwa mkononi mwa chama kabla ya mavuno. Chama chenye fedha hiyo kinaweza kumlipa mkulima siku anayoshusha gunia, na kikijipanga kinaweza kumkopesha Januari kwa dhamana ya kahawa yake. Hapo unashindana na mwenye butura kwa silaha yake mwenyewe.

Na fedha hizo zipo kwa watu wa kawaida. Uingereza kuna Shared Interest ya Newcastle, tangu 1990: raia wanaweka akiba zao, inakopesha vyama vya biashara ya haki. Uholanzi kuna Oikocredit tangu 1975. Marekani kuna Root Capital tangu 1999. Hizo ndizo zinazounganisha rafu ya kahawa na mkopo. Mzungu wangu wa maziwa akiniuliza, nitamwambia aendelee kununua pakiti, lakini aliandikie duka swali moja: kahawa hii mliilipia lini?

SentiTano

Duka halijui. Mkaangaji anajua, na anaweza asikujibu. Nakubali hata hivyo kwamba swali hilo ni bora kuliko "mlilipa bei gani", maana bei wataiandika kwenye pakiti kwa maua maua.

Ila unakimbia kitu. Hiyo 60,000 si zawadi. Ina riba, tena ya dola. Shilingi ikishuka au wanachama wakiuza pembeni kama alivyosema DebeLaMaganda, nani anabeba? Vyama vyetu vimewahi kulemewa na madeni mpaka vikashindwa kuwalipa watu. Mwenye butura akipata hasara, imekula kwake.

DebeLaMaganda

Mwenye butura hapati hasara, ndugu, ndiyo maana amejenga.

Kuhusu riba, nijibu kama ilivyo. Inakatwa kwenye mauzo kabla ya malipo ya pili, kwa hiyo anaibeba mkulima. Nimesimama mbele ya mkutano nikaisoma hiyo namba, na hawakupiga makofi. Lakini waliouliza ni asilimia ngapi walikuwa wachache. Wengi waliuliza fedha imeingia tarehe ngapi. Ikiingia Februari wanachama wanaleta kahawa yao. Ikiingia Juni, tumekopa bure, kahawa imeshakuwa ya mtu.

MamaWaKaragwe

Na kwenye mkutano huo wanawake tulikuwa wangapi?

DebeLaMaganda

Wachache, mama. Na wengi mlikuwa nyuma, upande wa jikoni.

MamaWaKaragwe

Basi mwambieni huyo mnunuzi wa maziwa aandike maswali mawili.