Saiwa Swamp bila gari: nitamwona nzohe kwa siku moja?

Mwendapole: Habari wakuu. Mwezi wa kwanza nitakuwa Kitale siku moja na nusu, sina gari. Nataka kumwona nzohe (sitatunga), yule swala wa majimaji, pale hifadhi ya Saiwa Swamp. Nifikeje, niingie saa ngapi, nibebe nini? Nasikia wengi hutoka bila kumwona hata mmoja.

Njiapanda: Gari lingekufikisha langoni tu. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 2.9, na ndani watu wote hutembea kwa miguu. Pale Kitale panda matatu ya Kapenguria, mwambie konda akushushe njia panda ya Kipsaina, halafu boda hadi langoni, kama kilomita 5. Patana bei kabla ya kupanda na uchukue namba yake, utamhitaji wakati wa kurudi. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, si kwa pesa taslimu. Fungua akaunti ukiwa bado mjini.

Matete: Wanaomkosa mara nyingi ni wale wanaofika saa tano asubuhi. Jua likishapanda, nzohe hujilaza ndani ya matete na hutaona kitu. Uwe langoni saa 12 kamili linapofunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye jukwaa la kutazamia, ukae hapo walau saa moja na nusu. Kaa, usizunguke! Njia za mbao hugonga kila ukikanyaga, na nzohe akishtuka huzama majini akabakiza pua tu. Usitafute mnyama mzima. Tafuta sikio linalopepea kufukuza nzi, pale matete yanapokutana na maji ya wazi. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha.

Njiapanda: Nyongeza: ukimwona swala ukingoni, penye nchi kavu chini ya miti, usishangilie haraka. Huyo huenda ni pongo. Nzohe ana manyoya marefu yaliyochakaa na kwato ndefu zinazopanuka, ndiyo maana hatopei matopeni ila nchi kavu hukimbia ovyo ovyo. Dume ana pembe zilizosokotwa, jike hana.

Mwendapole: Asanteni. Kama asubuhi itashindikana, jioni je? Na gambuti ni lazima?

Matete: Jioni inafaa, kuanzia saa kumi. Ila lango hufungwa saa 12, kwa hiyo boda awe anakusubiri. Kwa siku moja na nusu, ingia jioni ya kwanza, lala karibu na hifadhi, rudi alfajiri.

Gambuti za nini Januari? Ni kiangazi; viatu vyenye soli ya kushika vinatosha, maana ubao wenye umande huteleza kuliko tope lenyewe. Kuanzia Aprili ni habari nyingine. Beba sweta, pale ni zaidi ya mita 1,800, pamoja na dawa ya mbu. Nguo nyeupe acha. Na ukiwa njiani kutoka inua macho mitini: karasinga, yule kima mwenye ndevu nyeupe, hukaa kimya sana na watu humpita hivi hivi.