Tupeane uzoefu: wenye Kiingereza chao wakishangaa husemaje, na wewe ulijibuje?

Mleta mada (dereva wa watalii, Arusha)

Habari za jioni wakuu. Njia zangu ni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na kazi hii ukiichunguza ni kusikiliza watu wakishangaa kutwa nzima. Gari likisimama ukingoni mwa kreta, bonde liko chini kama mita 600, kila mgeni anatoa neno lake. Wamarekani hawajibani: "Oh my God!", "No way!", "That's insane!" Waingereza watu wazima utasikia "Gosh" au "Goodness me", basi. Mmoja aliangalia weee, akasema "Well, that's rather nice" kwa sauti ya mtu anayesoma risiti ya luku. Nikajua siku imeharibika. Jioni bahasha yake ndiyo ilikuwa nono kuliko zote.

Shuleni tuliishia kwenye "What a beautiful flower!" na "How beautiful!", alama ya mshangao mwishoni, maksi zako unapewa. Huku porini sijawahi kumsikia mtu akimwambia simba "How big you are!"

Mlio Ulaya, Marekani, maofisini, madarasani, karibuni. Nawasilisha.

Mdau, Leeds

Mkuu, hapa umenigusa. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Watu wa Yorkshire ukiwapa habari nzito wanakujibu "Give over!" au "Get away!" Ukilichukua neno kama lilivyo ni kama unafukuzwa, kumbe ni "acha bwana, kweli?" Bibi zangu wengine wanasema "Well, I never!" na sentensi imeishia hapo hapo, usikae unasubiri imalizike.

Ila kinachowatesa wageni wengi ni vile vijiswali. Unasema "My sister's had twins", unajibiwa "Has she?" Unasema "I walked here", unajibiwa "Did you?" Dada mmoja wa Kampala niliyekuwa naye zamu alikuwa anaona anaitwa mwongo, anaanza kuapa na kutafuta picha kwenye simu. Hakuna aliyembishia! Hiyo ndiyo "ehee" yao ya kukutaka uendelee. Sikiliza sauti tu: ikipanda mwishoni, kashangaa kweli. Ikishuka, anakusikiliza kwa adabu huku anawaza chai.

"Gobsmacked" nalo ni la Waingereza. "Gob" ni mdomo kwa lugha ya mtaani, kwa hiyo umebaki kama uliyepigwa kofi la mdomo. Zuri sana baa, baya kwenye barua ya kuomba kazi.

Mdau mwingine

Naweka kambi hapa 😂

Mwalimu wa sekondari, Mbeya

Mimi nina jambo moja tu, maana nalisahihisha kila muhula: "I am very surprising." Wanangu, mtu ni "surprised", habari ndiyo "surprising". Halafu kuna madaraja. "Surprised" iko chini, "amazed" na "astonished" zinafuata, "astounded" na "flabbergasted" ziko kileleni, na huko kileleni "very" haikai vizuri. Husemwa "absolutely astounded". Na ni "surprised at" au "surprised by", hiyo "surprised of" sijui inatoka wapi.

Mdau, Tanga

Mimi naomba tuguse imani. Hiyo "Oh my God" kila dakika hainiingii, na wako wenyeji wa lugha hiyo ambao hawaipendi. Wao wenyewe walihangaika kulikwepa jina la Mungu: "gosh" na "golly" zimesimama badala ya God, "crikey" badala ya Christ, na "blimey" ni "God blind me" iliyofinyangwa, yaani Mungu anipofue! Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwatoza waigizaji faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Ukitaka usalama, "Oh my goodness" haina ugomvi na mtu.

Mdau, Dar

Mkuu wa Tanga, na sisi wenye "Mungu wangu!", "Yesu na Maria!" na "Lahaula!" faini yetu nani anakusanya?

Mdau, Nairobi

Ngoja niwaambie ya ofisini. Mteja wa London aliandika: "I was surprised to see that the figures were not attached." Kijana mgeni kwenye timu akasoma akatabasamu, ati mteja amepata surprise. Supavaiza alikuwa ashaanza kutoa jasho. Kwenye barua pepe za kazi, "surprised" mara nyingi ni hasira iliyovaa tai. Si hata sisi husema "nashangaa hujanipigia"? Hapo hakuna mshangao, hapo kuna kesi.

"Unbelievable" ni hivyo hivyo. Bao likiingia ni sifa, basi likikosa kuja ni tusi. Na "wow" ikitamkwa fupi, bila uso kubadilika, jua umeudhi mtu.

Mdau, Minnesota

Huku ukimwambia rafiki umepata kazi anakupigia kelele "Shut up!" au "Get out!" huku macho yamemtoka na kicheko juu. Binamu yangu alipokuja alinuna siku nzima kwa hiyo "Shut up" moja. Ni ya marafiki wa rika moja. Ukimpelekea profesa wako au mama mkwe, utajua mwenyewe.

Mleta mada

Asanteni wakuu. Na "You don't say"? Nilimwambia mgeni kwamba twiga ana shingo ndefu, akanijibu hivyo.

Mdau, Leeds

Mkuu, alikuwa anakucheka. Zamani ilikuwa mshangao wa kweli, na wazee wachache bado wanaisema hivyo. Siku hizi mara nyingi ni kejeli: umemwambia kitu ambacho kila mtu anakijua.

Mdau, Nungwi

Haraka jamani, niko mapokezi. Mama wa Kiingereza ananionyesha picha ya mjukuu wake mchanga, niseme nini?

Mwalimu wa sekondari, Mbeya

"Oh, she's gorgeous!" Ukisema "flabbergasted" atafikiri umeona mtoto ana pembe.

Mdau, Nungwi

Ni wa kiume, mwalimu.

Mwalimu wa sekondari, Mbeya

"He's". Wahi.