Mjadala: 10to4 iendelee kupita ndani ya msitu wa Mlima Kenya, au itolewe?

Mleta mada:
Wadau, hamjambo. Kila Februari ubishi huu hauniishi kichwani: baiskeli za milimani zina haki gani ya kupita katika msitu wa serikali, na zikishapita zinatuachia nini? Nauweka mezani tuuchambue bila matusi.

Kwa wasioijua, 10to4 ni mbio za baiskeli za milimani za kuchangisha pesa, na jina lake ni hesabu tupu. Unaanzia futi 10,000 ubavuni mwa Mlima Kenya, unamalizia futi 4,000 kwenye nchi kavu ya kaskazini. Ni kama mita 1,800 za kushuka. Kule juu ni mierezi na ukungu, vidole vinakufa ganzi juu ya breki. Ukishuka unakuta mashamba ya ngano, na chini kabisa ni migunga na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Pesa zinazochangwa huenda kwa Mount Kenya Trust, shirika la kuhifadhi mlima huu lililoanzishwa 1999.

Mwaka huo tuukumbuke. Ndio mwaka ambao KWS, shirika la serikali la wanyamapori, waliuzunguka msitu kwa ndege wakihesabu uharibifu: miti ya asili iliyoangushwa, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi katikati ya pori ambako ukiwa barabarani huoni kitu. Mwaka uliofuata, 2000, msitu ukawekwa chini ya KWS. Kwa hiyo anayesema mbio hizi ni anasa ya matajiri tu aanze na hapo. Shirika zinalolichangia lilizaliwa wakati msitu unavuja kila upande na hazina ya serikali haina habari.

Halafu kuna njia ya ndovu, kilomita 14 kutoka mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare, inayopita chini ya barabara ya Nanyuki–Meru. Ndovu wa kwanza kupita pale chini, dume aliyepewa jina la Tony, alipita mwanzoni mwa 2011. Miaka miwili baadaye UNESCO wakaunganisha hifadhi ya wanyama ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare na urithi wa dunia wa Mlima Kenya. Sisemi baiskeli ndizo zilizochimba ile njia ya chini ya barabara. Waliochangia ni wengi, na wenye mashamba walitoa ardhi. Lakini Mount Kenya Trust walikuwa mstari wa mbele, na shirika haliendeshwi kwa maombi.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikaitwa popo: ziendelee. Shida yangu haiko kwenye tairi, iko kwenye geti.

Mwaka mmoja nilienda kutazama mbio za baiskeli katika msitu mwingine kabisa, si Mlima Kenya na si 10to4. Waandaaji siwataji. Utepe wa manjano ulikuwa umefungwa mti kwa mti. Kando wamekaa akina mama wanne, kamba na mapanga miguuni, vibali vya kuni wamevifundika kwenye pindo la leso. Wameambiwa leo hakuna kuingia, wageni wanashuka. Baiskeli zikapita zikilia tiki-tiki-tiki kama panzi. Mama mmoja akaniuliza, "Na siku yetu hii watatulipia mwisho wa mwezi?" Kibali ni cha mwezi. Siku ikipotea imepotea. Sikuwa na jibu, nikajifanya napiga picha.

Mnasemaje?

Fundi Spoki:
Umeongea vizuri ila tairi usiliachilie upesi hivyo. Mimi natengeneza baiskeli hapa Nanyuki, najua zinachofanya. Kwenye mteremko mkali mtu anabana breki ya nyuma, gurudumu linafunga, linaburuta. Wa kwanza anakwaruza, wa hamsini anachimba mfereji. Ukijaa maji, wanaofuata wanakwepa tope wanapita pembeni kwenye majani, njia iliyokuwa ya mtu mmoja inakuwa ya gari. Mvua ya masika ikija inafuata hapo hapo. Kule Montana, Marekani, walipima wakachapisha 1994: kwato za farasi na miguu ya watu zililegeza udongo kuliko magurudumu. Sawa. Lakini hawakupima mamia ya watu wanaokimbilia kombe asubuhi moja.

Kukimbiza Februari, kabla ya mvua, ni busara. Ila mlima haufuati kalenda. Mvua ikinyesha usiku, je, kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hatushuki?

Mmeru wa Timau:
Mimi napinga moja kwa moja. Anayeupenda msitu atume M-Pesa akae kwake. Kwani lazima uukanyage ndio uupende?

Mleta mada:
Mmeru, hakuna anayetuma M-Pesa hivyo, tusidanganyane. Tazama Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini. Tangu 1989 watu wanapondaponda magari yao porini na kuchangisha, na uzio wa kuuzunguka msitu wa milima ya Aberdare ukakamilika 2009, karibu kilomita 400. Uzio ule umelipiwa na jasho la michezo.

Mmeru wa Timau:
Asante kwa kunisaidia. Hayo magari ya Rhino Charge huwa yanapita ndani ya msitu wa Aberdare? Hayapiti. Wanaenda nchi kavu, mahali panapofichwa mpaka siku zikaribie, kwenye mawe na miiba, na pesa ndizo zinazopanda mlimani. Kwa nini baiskeli zishindwe?

Mleta mada:
Hapo umenikamata, nakiri. Nilileta mfano bila kuugeuza nyuma.

Wa Moshi:
Huku kwetu Tanzania KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya mlima, wanaruhusu baiskeli Kilimanjaro kwa njia ya Kilema, ile ya magari ya uokoaji. Barabara ipo tayari, imeshakanyagwa. Nyie mnabishana kana kwamba ni ndani kabisa au nje kabisa. Washusheni kwa barabara za magari ya doria, vijinjia vya wanyama waviache. Hata Karura pale Nairobi baiskeli zina njia zake, na sijasikia msitu umekufa.

Fundi Spoki:
Kwenye barabara ya doria nakuunga mkono. Mtaro upo, na ukiharibika greda linafika.

Mleta mada:
Basi nabadilisha, sirudi nyuma kabisa. Ziendelee, ila ndani ya msitu zishuke kwa barabara za doria tu. Mvua ikinyesha usiku, chama cha jamii cha misitu kiwe na kura ya kuahirisha, maana sheria ya 2016 inavitambua vyama hivi na si vya mapambo. Na siku geti likifungwa, wenye vibali vya kuni waongezewe siku mwezi unaofuata. Hiyo ya mwisho haihitaji shilingi ya mtu, ni kalamu tu.

Mmeru wa Timau:
Bado nasema waanzie nje ya msitu, huku kwetu kwenye ngano.

Fundi Spoki:
Ngano iko kama futi 8,000, mzee. Itakuwa 8to4, na hizo ni saa za ofisini. Nani atalipa aje kazini?